Alama za majeruhi, kuanzia GCS hadi TRISS: namna ya kupima, kukokotoa na kuusoma uwezekano wa kunusurika

Majeruhi akifikishwa mapokezi, vitu vinne vinavyoandikwa dakika za mwanzo ndivyo vitakavyobeba hesabu zote za baadaye: umri, kiwango cha fahamu, presha na kasi ya kupumua. Fomula zenyewe si ngumu, kikokotoo cha simu kinatosha. Kinachoharibu kazi ni namba zilizokisiwa, na namba ikishakisiwa mapokezi hakuna fomula itakayoinyoosha.

Katika mwongozo huu tutamtumia mgonjwa mmoja wa mfano mwanzo hadi mwisho. Ni mwanamume wa miaka 34, dereva wa pikipiki aliyegongana na gari. Anafumbua macho akiitwa, anajibu maswali lakini amechanganyikiwa, anatii amri. Mapigo ya moyo ni 128 kwa dakika, presha ya juu (sistoli) ni 84, anapumua mara 32 kwa dakika. Paja la kushoto limevimba na kupinda, tumbo linauma akiguswa, na ana mchaniko mdogo shavuni.

Kwanza jua unataka alama ya kazi gani

Alama za majeruhi ziko za aina tatu. Zipo zinazosoma hali ya mwili, kwa maana ya fahamu, presha na kupumua: GCS (kipimo cha fahamu), RTS (fahamu, presha na kupumua kwa pamoja), GAP (fahamu, umri na presha) na nyingine za jamii hiyo. Hizi zinapatikana ndani ya dakika chache, na ndizo za kuamulia nani aonwe kwanza au nani apewe rufaa. Aina ya pili husoma majeraha yenyewe, yaani AIS (ukali wa jeraha moja moja), ISS na NISS (ukali wa majeraha yote kwa pamoja). Hizi hukamilika baada ya picha, upasuaji au uchunguzi wa maiti. Aina ya tatu huchanganya zote mbili na umri, na inayojulikana zaidi ni TRISS, ambayo ndiyo hutoa asilimia ya kunusurika.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kutaka kutumia ISS mlangoni. Haiwezekani, kwa sababu wakati huo bado hujui bandama imepasuka kiasi gani. Vilevile TRISS haikuundwa ili kuamua nani aendelee kuhudumiwa na nani aachwe. Imeundwa kupima matokeo ya hospitali baada ya kazi kufanyika.

Kuchukua namba za mwanzo

Anza na kupumua, maana ndiko kunakodanganywa zaidi. Pitia mafaili ya wodi yoyote utakuta wagonjwa kumi mfululizo wote wanapumua mara 20. Hakuna aliyehesabu. Angalia kifua au tumbo kwa sekunde 60 kamili, mkono wako ukiwa kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa kana kwamba unahesabu mapigo, ili asijue na kubadilisha pumzi. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la pumzi nne, na hizo zinatosha kumvusha mgonjwa kutoka kundi moja hadi jingine.

Presha ipimwe kwa kitambaa kinachoenea mkono wake. Mashine ya kujipima yenyewe hushindwa pale hasa unapoihitaji, yaani presha ikiwa chini sana au mgonjwa akitetemeka. Itazunguka mara tatu, kisha itatoa namba usiyoweza kuiamini. Hapo chukua ya mkono. Usiposikia kitu kwa stetoskopu, pandisha kitambaa, shusha taratibu huku ukishika mshipa wa kifundo, na uandike namba ambayo mapigo yanarudi. Hiyo inatosha kuwa presha ya juu.

Tofautisha sifuri na pengo. Sifuri maana yake ulipima na hukupata kitu. Kama hukupima, andika kwamba hukupima. Programu nyingi za rejista husoma kisanduku kitupu kama sifuri, na ghafla mgonjwa aliyeondoka kwa miguu yake anaonekana aliletwa bila presha.

Andika pia saa, na kama vipimo vilichukuliwa kabla au baada ya dripu, dawa ya usingizi au mpira wa kupumulia. Namba zinazoingia kwenye hesabu ni za kwanza baada ya kufika. Usichague zile mbaya kuliko zote za siku, wala zile nzuri zilizopatikana baada ya kuongezwa damu.

GCS, kipengele kwa kipengele

Kipimo cha fahamu cha Glasgow kilitolewa na Graham Teasdale na Bryan Jennett mwaka 1974. Kina vipengele vitatu:

Macho (E): yanafumbuka yenyewe 4, kwa sauti 3, kwa kubinywa 2, hayafumbuki 1.

Maneno (V): anajua alipo na wakati 5, amechanganyikiwa 4, maneno yasiyounganika 3, sauti tupu 2, kimya 1.

Mwendo (M): anatii amri 6; anaufuata mkono unaombinya 5; anakunja na kujitoa kawaida 4; anakunja kusiko kawaida 3; ananyoosha 2; hakuna 1.

Jumla huwa kati ya 3 na 15. Hakuna GCS ya sifuri, hata kwa maiti.

Utaratibu ni kuangalia, kuongea, kisha kubinya. Kabla ya kugusa, tazama kama kuna kitakachozuia kipimo: macho yaliyovimba hadi kufumba, mpira kooni, taya iliyovunjika, kiziwi, lugha asiyoijua. Kipengele kisichopimika huandikwa NT na hakipewi 1. Ukikipa 1, umetengeneza jeraha la ubongo ambalo halipo. Na kikiwa NT, jumla haitolewi, bali vipengele vilivyobaki huandikwa jinsi vilivyo.

Baadaye ongea, kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa sauti kubwa. Amri iwe ya hatua mbili: “fumba ngumi, fumbua” au “toa ulimi, rudisha.” Kushika tu mkono wako hakuhesabiki, kwani hata ubongo uliojeruhiwa vibaya hufumba kiganja kikiguswa.

Asipotii, binya. Kwa macho, bonyeza ukucha kwa ubavu wa kalamu, ukiongeza nguvu polepole hadi sekunde 10. Kwa mwendo, binya msuli kati ya shingo na bega, na ikibidi bonyeza kitundu cha mfupa juu ya jicho. Kusugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole hakushauriwi tena. Kunachubua, na mikono ikija kifuani huwezi kujua kama mgonjwa anaufuata mkono wako au anakunja tu.

Mpaka kati ya M5 na M4 ndio unaobishaniwa zaidi wodini. Ukibinya begani au juu ya jicho, mkono ukapanda juu ya mfupa wa mtulinga kuelekea unapobinya, hiyo ni 5. Kiwiko kikikunja haraka lakini mkono usifike huko, ni 4. Pande mbili zikitofautiana, hesabu upande ulio bora, ila andika tofauti hiyo kwa sababu mpasuaji ataitaka.

Mgonjwa wetu: E3 V4 M6, jumla 13. Andika hivyo hivyo, vipengele vyote vitatu. “GCS 13” peke yake haimwambii anayepokea zamu ni kitu gani kilichopungua.

Kama kuna jeraha la kichwa, ongeza mboni. Tangu mwaka 2018 kuna GCS-P: toa 1 kwenye jumla ya GCS ikiwa mboni moja haijibu mwanga, toa 2 ikiwa zote mbili hazijibu. Ni nyongeza ndogo yenye faida kubwa, maana mboni ni dalili ambayo GCS yenyewe haiioni kabisa.

RTS

Howard Champion na wenzake waliitoa mwaka 1989 wakirekebisha alama yao ya mwaka 1981. Kila kipimo kinageuzwa kuwa kodi, yaani namba ya msimbo, ya 0 hadi 4:

- Kodi 4: GCS 13–15, presha zaidi ya 89, kupumua 10–29
- Kodi 3: GCS 9–12, presha 76–89, kupumua zaidi ya 29
- Kodi 2: GCS 6–8, presha 50–75, kupumua 6–9
- Kodi 1: GCS 4–5; presha 1–49; kupumua 1–5
- Kodi 0: GCS 3, presha 0, kupumua 0

Angalia mstari wa kupumua: anayepumua mbio anapata 3, anayepumua polepole anashuka hadi 2 au 1. Si kosa la uchapaji. Pumzi inayokatika ni mbaya kuliko inayokimbia.

Kwa kupanga wagonjwa, jumlisha kodi tu, kiwango cha juu kikiwa 12. Mgonjwa wetu ana 4 + 3 + 3 = 10. Kwa ajili ya TRISS, kila kodi inazidishwa kwa uzito wake:

RTS = 0.9368 × kodi ya GCS + 0.7326 × kodi ya presha + 0.2908 × kodi ya kupumua

Yaani 3.7472 + 2.1978 + 0.8724 = 6.8174. Kiwango cha juu ni 7.8408. Kuna wanaochanganya hizo mbili na kuingiza 10 au 12 kwenye fomula ya TRISS. Ukiona RTS inayozidi 7.84 mahali hapo, ujue kilichotokea.

Alama za haraka, na kwa nini hazikubaliani

Kampala Trauma Score, KTS, ilitengenezwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2000 na Olive Kobusingye na Ronald Lett, kwa mazingira ambayo CT-scan haipo na muda ni mfupi. Toleo la kwanza lina alama 5 hadi 16. Umri wa miaka 5–55 ni 2, nje ya hapo 1. Presha zaidi ya 89 ni 4, 50–89 ni 3, 1–49 ni 2, isiyopatikana ni 1. Kupumua 10–29 ni 3, 30 na zaidi ni 2, 9 na chini ni 1. Fahamu: macho kabisa 4, anaitikia sauti 3, anaitikia maumivu 2, haitikii 1. Majeraha makubwa: hakuna 3, moja 2, zaidi ya moja 1. Katika kazi ya kila siku, chukulia jeraha kubwa kuwa lile ambalo peke yake lingetosha kumlaza mgonjwa. Alama 14–16 ni hali nyepesi, 11–13 ya kati, 10 na chini ni mbaya.

Mgonjwa wetu: 2 + 3 + 2 + 3 + 1 = 11, hali ya kati.

Toleo la pili, KTS II, lina kiwango cha juu cha 10. Umri 1 au 0. Presha 2, 1, 0 (50–89 ni 1, 49 na chini ni 0). Kupumua 2, 1, 0. Fahamu 3 hadi 0. Majeraha makubwa 2, 1, 0. Hapo 9–10 ni nyepesi, 7–8 ya kati, 6 na chini ni mbaya. Mgonjwa yule yule anapata 1 + 1 + 1 + 2 + 0 = 5, na sasa yumo kwenye kundi la hali mbaya. Kwa hiyo karatasi ya rufaa iliyoandikwa “KTS 9” bila kutaja toleo ni hatari: kwa toleo moja ni mahututi, kwa jingine anaweza kusubiri.

MGAP ilitoka Ufaransa mwaka 2010. Chukua GCS yenyewe, ongeza 4 kama jeraha ni la kishindo (si la kupenya), 5 kama umri ni chini ya miaka 60, na presha: zaidi ya 120 ni 5, 60–120 ni 3, chini ya 60 ni 0. Alama 23–29 ni hatari ndogo, 18–22 ya kati, chini ya 18 kubwa. GAP ya Japani, ya mwaka 2011, iliacha aina ya jeraha: GCS, umri chini ya 60 ni 3, presha zaidi ya 120 ni 6, 60–120 ni 4, chini ya 60 ni 0. Alama 19–24 ni nyepesi, 11–18 ya kati, 3–10 mbaya.

Sasa hesabu ya mgonjwa wetu. MGAP: 13 + 4 + 5 + 3 = 25, hatari ndogo. GAP: 13 + 3 + 4 = 20, nyepesi. Huyu ni mtu mwenye presha 84, mapigo 128 na tumbo linalouma!

Kinachotokea ni kwamba GCS imechukua sehemu kubwa ya alama hizo. Kwa aliyeumia kichwa zinafanya kazi vizuri, lakini kijana anayevuja damu tumboni hubaki na fahamu karibu hadi mwisho, na alama yake hubaki juu. Ndiyo sababu uweke kando yake kipimo kingine chepesi, kielezo cha mshtuko: mapigo ya moyo gawanya kwa presha ya juu. Kwa mtu mzima aliyetulia huwa 0.5 hadi 0.7. Kikifika 0.9 tafuta damu inakovuja, kikivuka 1 ita mpasuaji na andaa damu. Hapa ni 128 ÷ 84 = 1.52. Usisubiri alama nyingine ikuthibitishie. Angalia tu kwamba wazee, hasa wanaotumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo kama propranololi, hawapandishi mapigo, na presha ya 110 kwa aliyezoea 170 ni presha iliyoshuka. Kielezo kizuri kwao hakimaanishi salama.

AIS, ISS na NISS

AIS ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1971 na imefanyiwa matoleo mengi. Kila jeraha lina kodi yake kitabuni na ukali wa 1 hadi 6: 1 dogo, 2 la kati, 3 kubwa, 4 kubwa sana, 5 la hatari ya kifo, 6 lisilotibika kwa sasa. Namba 9 maana yake ukali haujulikani, na haiingii kwenye hesabu. Ukali unasomwa kitabuni kwa kufuata maelezo ya picha, upasuaji au uchunguzi wa maiti, na jeraha lililoandikwa “inadhaniwa” halipewi kodi. Taja toleo ulilotumia, kwani jeraha lile lile linaweza kuwa na ukali tofauti katika toleo jingine.

Mgonjwa wetu amepitia CT-scan na chumba cha upasuaji. Yamepatikana haya: mpasuko wa bandama wa daraja la IV (AIS 4), mpasuko wa ini wa daraja la III (AIS 3), fupa la paja limevunjika katikati (AIS 3), mchaniko wa shavu (AIS 1).

ISS, iliyotolewa na Susan Baker na wenzake mwaka 1974, inagawa mwili katika maeneo sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo na viungo vya nyonga vya ndani, mikono pamoja na miguu na mifupa ya nyonga, na ngozi. Chukua jeraha kali kuliko yote katika kila eneo, chagua maeneo matatu yenye namba kubwa, zipige kipeo cha pili, jumlisha.

Tumbo 4² = 16, mguu 3² = 9, ngozi 1² = 1. ISS = 26.

Makosa mengi hutokea kwenye maeneo. Mchaniko wa ngozi ya shavu huenda kwenye ngozi, hauendi kwenye uso. Kuungua pia ni ngozi, popote pale. Uti wa mgongo unagawanywa: sehemu ya shingo huenda na kichwa, ya kifua na kifua, ya kiuno na tumbo. Kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kinahesabiwa kifuani. Nyonga iliyovunjika ni ya miguu, lakini kibofu kilichotobolewa na nyonga hiyo ni cha tumbo.

Jeraha lolote la AIS 6 linaipa ISS 75 moja kwa moja. Majeraha makubwa kwa kawaida ni ISS inayozidi 15. Na kwa ajili ya kukagua rejista: hakuna njia ya kupata 7, 15, 23 wala 28 kwa kujumlisha vipeo vitatu vya pili. Ukiiona mojawapo, kuna aliyekosea.

Udhaifu wa ISS unaonekana hapa hapa. Ini limepotea kabisa, kwa sababu liko eneo moja na bandama, na nafasi yake imechukuliwa na mchaniko wa shavu. NISS ya mwaka 1997 inaondoa kikwazo hicho kwa kuchukua majeraha matatu makali kuliko yote bila kujali eneo: 16 + 9 + 9 = 34. Kwa majeruhi wa risasi tumboni, au mwenye majeraha kadhaa kichwani, NISS husema ukweli zaidi. Tatizo jingine hakuna inayolitatua: jeraha moja la kichwa la AIS 5 ni 25, na bandama ya AIS 4 pamoja na paja la AIS 3 pia ni 25. Hao wawili hawana hatari sawa hata kidogo.

TRISS

Fomula ilichapishwa mwaka 1987. Hatua ni mbili. Kwanza tafuta b:

Jeraha la kishindo: b = −0.4499 + 0.8085 × RTS − 0.0835 × ISS − 1.7430 × umri

Jeraha la kupenya: b = −2.5355 + 0.9934 × RTS − 0.0651 × ISS − 1.1360 × umri

Umri ni 0 kwa aliye chini ya miaka 55, na 1 kwa mwenye 55 na zaidi. Vizidishi hivi ni vya mwaka 1995, vilivyotokana na takwimu za MTOS, utafiti mkubwa wa matokeo ya majeruhi wa Amerika Kaskazini. Vipo vya zamani na vipya zaidi. Chagua seti moja na uitaje katika kila ripoti, la sivyo mwaka huu hautalinganishwa na uliopita. Kwa watoto walio chini ya miaka 15 hutumika vizidishi vya kishindo hata kama jeraha ni la kupenya.

Kisha uwezekano wa kunusurika: Ps = 1 ÷ (1 + e⁻ᵇ), ambapo e ni 2.7183.

Mgonjwa wetu: b = −0.4499 + (0.8085 × 6.8174) − (0.0835 × 26) − 0 = −0.4499 + 5.5119 − 2.1710 = 2.8910. Kwenye kikokotoo, e kwa kipeo cha −2.8910 ni 0.0555. Ps = 1 ÷ 1.0555 = 0.947.

Yaani, katika majeruhi 1,000 wanaofanana naye kwa vipimo hivi, takriban 947 wangenusurika na 53 wangefariki. Haisemi yeye yuko upande gani.

Sasa chezea namba moja moja uone. Aliyepima akiandika M5 badala ya M6 kwa sababu hakurudia amri, GCS inakuwa 12, kodi inashuka hadi 3, RTS inakuwa 5.8806 na Ps 0.894. Hatari ya kifo imeongezeka maradufu, kutoka asilimia 5.3 hadi 10.6, kwa tofauti ya alama moja. Kupumua kukiandikwa 20 kwa mazoea, Ps inapanda hadi 0.958. Angekuwa na miaka 54, Ps isingebadilika hata kidogo. Akifikisha 55 inaporomoka hadi 0.759, kana kwamba siku ya kuzaliwa ndiyo iliyomjeruhi.

Kosa baya kuliko yote ni la kutochunguza. Tuseme mgonjwa huyo huyo alifariki kabla ya CT-scan, hakufanyiwa upasuaji, na uchunguzi wa maiti haukufanyika. Majeraha yanayothibitika ni paja na shavu: ISS 10, Ps 0.986. Kwenye ripoti ataonekana kama mtu aliyekuwa mzima kabisa akafia mikononi mwa hospitali. Kituo chenye vifaa duni vya uchunguzi hujitia hatiani hivyo, huku ISS zake zikionyesha kwamba kinapokea wagonjwa wepesi tu.

Na aliyewekewa mpira kooni kabla ya kufika? Hana V, na kupumua kwake ni kwa mashine. Tumia vipimo vya kabla ya mpira kama vimeandikwa, na ueleze kwamba ndivyo ulivyotumia. Kama havipo, usimpe V1 na kodi 0 ya kupumua, maana utamgeuza mfu kwa kalamu. Muweke kwenye orodha ya wasiokokotoleka, na taja idadi yao kwenye ripoti. Ukiwaacha kimya kimya, umeondoa wagonjwa wako mahututi kuliko wote.

Kutumia Ps kukagua kazi

Kila mwezi au robo mwaka, toa orodha mbili: waliofariki wakiwa na Ps zaidi ya 0.5, na walionusurika wakiwa na chini ya 0.5. Orodha ya kwanza ndiyo ya kujadili faili kwa faili, ukianzia wenye Ps kubwa zaidi. Kabla ya kuuliza nani alikosea matibabu, hakiki AIS na namba za mapokezi. Si ajabu kosa likawa la karatasi.

Kwa kundi zima, jumlisha Ps zote ili kupata idadi ya walionusurika inayotarajiwa. Mfano: majeruhi 200, jumla ya Ps 184.6, walionusurika kweli 181.

W = 100 × (181 − 184.6) ÷ 200 = −1.8. Yaani wamepungua karibu wawili katika kila mia ikilinganishwa na matarajio.

Je, ni bahati mbaya tu? Kwa kila mgonjwa zidisha Ps kwa (1 − Ps), jumlisha, tafuta kipeuo cha pili. Tuseme jumla ni 9, kipeuo ni 3. Z = (181 − 184.6) ÷ 3 = −1.2. Kwa kuwa iko kati ya −1.96 na 1.96, tofauti hiyo haitoshi kudai kwamba kituo kinafanya vibaya. Kuna pia kipimo cha M kinacholinganisha mchanganyiko wa ukali wa wagonjwa wako na ule wa takwimu za msingi. Kikishuka chini ya 0.88, Z haiaminiki.

Watoto

Kodi za RTS zimetengenezwa kwa watu wazima. Mtoto mchanga mzima wa afya anapumua mara 40, na RTS itampa 3 badala ya 4. Presha ya 80 kwa mtoto wa mwaka mmoja ni ya kawaida, nayo itasomwa kama kasoro. Kwa kupanga wagonjwa tumia alama ya watoto, PTS, ya mwaka 1987. Ina vitu sita: uzito, njia ya hewa, presha, fahamu, mifupa iliyovunjika na vidonda. Kila kimoja hupewa 2, 1 au −1, na jumla huwa −6 hadi 12. Uzito unaozidi kilo 20 ni 2, 10–20 ni 1, chini ya 10 ni −1. Presha zaidi ya 90 ni 2, 50–90 ni 1, chini ya 50 ni −1. Akipata 8 au chini, apelekwe panapoweza kupasua watoto. Uzito usiukisie kwa macho wakati mizani iko ukutani.